Mguu Nyuma ya Pazia

Goti la Ofumbi lilitoka na kurudi mahali pake kabla hajamaliza kuanguka, na watu waliokuwapo wakacheka. Alikuwa akishuka kutoka kwenye lori la mahindi na gunia begani, nje ya ghala moja la Busia upande wa Uganda, mguu wa kulia ukateleza kwenye ukingo wa mtaro. Gunia likaenda kule, yeye huku. Makuli wenzake walisikia mlio mdogo mkavu, wakaona goti limekaa upande ambao goti la mtu halikai, kisha likajirudisha lenyewe alipojikunja chini.

"Buda, goti lako limeenda Kenya na kurudi bila kugongwa muhuri," akasema Paddy. Huyu alikuwa kuli mwenzake kutoka Busia ya Kenya, na hakuna kitu alichokiona asikifanyie mzaha.

Ofumbi naye akacheka, ingawa jasho lilikuwa limeshamtoka juu ya mdomo. Alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kazi. Chumba alichopanga na mkewe, unga, ada ya binti yao Patience, vyote vilisimama juu ya miguu yake miwili, na alijua kuwa kuli akikaa chini sana kuna mtu anayesubiri gunia lake. Akajaribu kusimama. Mguu ukakataa.

Mwenye mahindi alikasirika kwa sababu gunia lilipasuka, lakini hakutaka isemwe kwamba mtu ameumia kwake naye akatazama pembeni, kwa hiyo akampeleka kwenye kliniki ya jirani. Wakampiga picha ya goti. Kijana mwenye koti jeupe akaishika picha ile dirishani, akaitazama huku na huku, akatabasamu.

"Mfupa ni mzima kabisa. Una bahati, mzee."

"Lakini huku chini nasikia ganzi, daktari. Kama mguu si yangu."

"Goti limevimba, utakosaje kusikia ganzi? Nenda ukalale." Alikuwa ameshaanza kuandika dawa za maumivu. "Nyinyi watu wa magunia mnapenda sana mapumziko."

Mwenye mahindi akacheka kidogo. Ofumbi akaona aibu, akaacha kusema. Alitoka pale na bendeji kwenye goti na soksi nene ya gambuti bado iko mguuni, kwa kuwa tangu aingie mpaka anatoka hakuna mtu aliyemwambia aivue.

*

Maumivu yalikuja jioni ile na hayakuondoka. Hayakuwa gotini. Yalikuwa kwenye shavu la mguu, ndani, mahali ambapo mtu hawezi kupakuna wala kupapasa. Babra, mkewe, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni, alimpa dawa za kliniki, akaona hazifui dafu, na palipopambazuka akampigia simu mama yake.

Mama yake aliitwa Alungat, wa kule Molo ya upande wa Tororo, na kwa watu wa sehemu zile jina hilo lilitosha. Alikuwa anarudisha viungo vilivyotoka. Watoto walioanguka mitini, wanaume waliotupwa na pikipiki, wazee walioteleza kisimani, wote walipita mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa mifupi na minene, na alipoiweka juu ya kiungo alifumba macho, kwani alisema macho humdanganya.

Basi alikuja, na vifurushi vyake vya majani, akafika mpaka mlangoni kwa bintiye, akasimama. Hakuingia. Kwao Wateso, na kwa kina Ofumbi Wajopadhola vilevile, mama mkwe haingii mahali alipolala mume wa bintiye. Hali chakula pamoja naye, hamgusi, na mguu wake mtupu hauoni. Wapo vijana wa mjini wanaochekea mambo hayo, lakini Ofumbi na Alungat hawakuwa vijana wa mjini. Kwa miaka yote waliyojuana walikuwa wamesalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama ardhi, na wote wawili walijivunia heshima ile.

Babra akamwekea kigoda nje, kando ya mlango. Pazia la kitenge likashushwa. Alungat akakaa, mgongo ukaegemea ukuta ambao upande wake wa pili Ofumbi alikuwa amelala.

"Baba Patience, umeamkaje?" akasema, akitazama barabara. Yeye na mkwewe hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo walizungumza Kiswahili cha soko.

"Naamka vizuri, Mama."

"Pole na goti."

"Iko sawa, Mama. Kidogo tu."

Babra aligeuka akamtazama mumewe. Usiku kucha alikuwa akilia kwa kusaga meno. Sasa alikuwa amelikamata blanketi kwa meno hayohayo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye kiti akinywa chai. Mwanaume hawezi kugumia mama mkwe akiwa anasikia. Babra alilijua hilo bila kuambiwa, akanyamaza, na nikifikiria yote yaliyofuata, sioni vipi angefanya vingine.

Kazi ikaanza. Alungat alikuwa kichwa, Babra akawa mikono. Chemsha majani. Chovya kitambaa. Kanda kuanzia pajani ukishuka, usibonyeze goti, zunguka goti. Shuka mpaka kwenye vidole. Rudia. Mvuke ukajaa chumbani, harufu ya majani ikatoka mpaka barabarani, na jirani akapita akiuliza ni nini kinapikwa. Babra alikanda mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Goti limekaa mahali pake?" mama akauliza nje.

"Limekaa. Limevimba lakini limekaa."

"Mguu huko chini, iko moto ama baridi?"

Babra akaweka kiganja juu ya wayo wa mumewe. Wayo ulikuwa umetoka tu chini ya kitambaa cha maji ya moto.

"Iko moto, Mama."

"Vidole vinacheza?"

Babra akamtazama Ofumbi. Ofumbi akavitazama vidole vyake, akaviagiza, vikabaki vilevile. Aliona aibu kama mtu aliyeita watoto wake mbele ya wageni wasiitike.

"Vinacheza, Mama," akasema mwenyewe, kwa sauti kubwa. "Taratibu, lakini vinacheza."

Upande wa pili wa ukuta Alungat akashusha pumzi. Goti limerudi, mguu una moto, vidole vinacheza, mgonjwa hagumii. Alikuwa ameona mengi yaliyo mabaya kuliko hayo, yakapona. Akamwelekeza Babra jinsi ya kufunga kwa vijiti na vitambaa, kutoka pajani mpaka kifundoni, si kwa kukaza sana, akalala kwa shangazi yake Babra mtaa wa pili.

*

Asubuhi iliyofuata Babra alitoka nje akiwa ameshika khanga yake kifuani.

"Mama, mguu imebadilika rangi. Ina madoa madoa."

"Rangi gani?"

"Kama maziwa ya jana. Na chini ya kisigino inaenda bluu."

Alungat akafikiri. Damu ya goti lililoumia hushuka chini, alikuwa ameiona mara nyingi, inageuka kijani na njano halafu inaisha. Lakini madoa meupe hakuyapenda. Akanyanyuka, akasogea mlangoni, akalishika pazia kwa ukingo. Vidole vyake vilikuwa vinamuwasha. Angeupata mguu ule mkononi kwa muda wa kufumba na kufumbua macho tu, angejua kama wasiwasi wake ni wa kweli au ni wa uzee.

"Baba Patience," akasema akiwa bado ameshika pazia, "unasikia uchungu?"

Ndani, Ofumbi aliona vidole vya mama mkwe kwenye ukingo wa kitenge. Alikuwa amelala nusu uchi, kaptura imekatwa mpaka nyongani kwa ajili ya vijiti, chombo cha mkojo kando ya kitanda. Akavuta shuka haraka, na mvuto ule ukampitishia maumivu ambayo hakuwa na jina lake.

"Hapana, Mama. Leo hata uchungu imepungua," akasema. "Mguu imelala kabisa. Mama apumzike tu."

Na kulikuwa na ukweli ndani yake, ndilo jambo linaloniudhi zaidi. Toka alfajiri maumivu yalikuwa yameanza kupungua kuanzia vidoleni kupanda juu. Alidhani anapona.

Alungat akaliachia pazia. Akakaa tena kwenye kigoda. "Kama haumi, ni vizuri," akamwambia bintiye, lakini siku nzima hakula, na kila Babra alipotoka na karai alimuuliza jambo lilelile kwa maneno mengine. Babra alijibu alivyoona. Alikuwa muuza dagaa.

*

Aliyevunja mambo yale ni Paddy. Alikuja kumletea Ofumbi habari kwamba mwenye mahindi ameshamweka kijana mwingine kwenye lori, kwa muda tu, amesema, na alikuja na mzaha wake umeandaliwa. Alimsalimia mama aliyekaa kando ya mlango, akainua pazia, akaingia. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale. Mzaha ukamfia mdomoni.

"Nini inanuka hivi?"

"Majani," Babra akasema.

"Hapana, mama. Mimi najua majani." Paddy akafunua shuka upande wa miguu, akagusa vidole vya rafiki yake, akaondoa mkono, akagusa tena. "Ofumbi. Unasikia nikikushika?"

"Unanishika wapi?"

Paddy akaliachia shuka. Akatoka nje, akasimama mbele ya yule mama, na kwa mara ya kwanza tangu watu wa pale wamjue akaongea bila kucheka. "Mama, huyu mtu ana mguu ya maiti. Twende hosi sasa hivi."

Alungat akafunika uso kwa leso.

Gari la kukodi lilikuwa nje ya uwezo wao, kwa hiyo Paddy akaenda kubembeleza dereva wa lori lililokuwa linarudi tupu Tororo kupakia saruji. Makuli waliokuwa ghalani wakaja kumbeba. Walimpandisha nyuma ya lori walivyopandisha kila kitu, wawili chini, wawili juu, mmoja akihesabu, kwa sababu hawakujua njia nyingine ya kupandisha. Ofumbi alipitishwa hewani mbele ya wanawake wa sokoni huku Babra akikimbilia shuka lililotaka kumvuka. Akafumba macho mpaka alipowekwa.

"Mzigo huu usiangushwe," alisema mmoja, halafu akatamani asingesema.

Alungat alipanda mbele na dereva. Hata safari ile hakuweza kukaa nyuma, alipokuwa mkwewe.

*

Daktari wa hospitali kubwa aliitwa Jonan, mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alikata vitambaa, akaweka vidole viwili juu ya wayo, akangoja. Akaviweka nyuma ya kifundo, akangoja. Akaviweka nyuma ya goti. Akafanya yaleyale kwenye mguu wa kushoto, huko hakungoja. Babra aliufuata mkono wake kila mahali ulipokwenda.

"Huku damu haipiti," akasema Jonan. "Goti lilipotoka lilivuta mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma yake. Mshipa ukaumia ndani, damu ikaganda, njia ikafunga. Goti lilirudi. Mshipa haukurudi."

"Lakini tulienda kliniki siku ile ile," Babra akasema. "Walipiga picha. Walisema mfupa mzima."

"Mfupa ni mzima kweli."

"Sasa?"

"Picha ile haionyeshi mshipa. Alipaswa kupapaswa hapa." Akamwonyesha juu ya wayo. "Angeletwa siku ile, tungempeleka kwa wanaoshona mishipa, pengine tungeuokoa. Sasa mguu umekufa chini ya goti. Ukibaki, sumu yake itapanda, itamchukua yeye mzima."

Babra akauliza swali ambalo ndugu wote huuliza, kama hakuna dawa. Jonan akasema hakuna. Alisema polepole, mara mbili, naye Babra akamchukia kwa upole ule.

Ofumbi alikuwa anatazama dari. "Mtakata wapi?" akauliza.

"Juu ya goti."

"Na goti pia?"

"Na goti pia, mzee. Pole sana."

"Goti si ndiyo mzima?" Ofumbi akasema, na hapo sauti yake ikavunjika. "Daktari, mimi nabeba gunia. Sijui kitu nyingine. Sikusoma. Ukichukua mguu nitabebea nini?"

Wakampigia simu Owor, kaka mkubwa wa Ofumbi, kule Kiyeyi. Owor akasema asikubali mtu yeyote mpaka ukoo ukae, kwamba yule mama wa Molo ndiye aliyemharibu mdogo wake, na kwamba sasa hivi hana nauli. Babra akaizima simu. Ofumbi akakubali peke yake, akaweka alama ya kidole pale alipoonyeshwa, na wakati wakimsukuma kuelekea upasuaji alimwomba Babra amvalishe soksi mguu ule. Babra akamvalisha.

*

Nje ya wodi palikuwa na benchi la saruji chini ya ukuta, na Alungat alikaa pale tangu walipofika. Watu waliomjua walipita, wakamsalimia, wakamuuliza ni nani amelazwa. Alisema mume wa Babra. Hakusema anaumwa nini. Mwanamke mmoja ambaye mwanawe alikuwa amerudishiwa bega na mama huyu alipiga magoti kumshukuru palepale, mbele ya kila mtu, na Alungat akampa mkono akitazama pembeni.

Jua lilikuwa limepanda sana mhudumu alipotoka mlango wa nyuma na furushi refu lililofungwa kwa plastiki na shuka ya zamani.

"Ndugu wa Ofumbi?"

Hakuna aliyeitika. Babra alikuwa ndani na mgonjwa. Paddy alikuwa amekwenda kutafuta mtu mwenye pikipiki atakayekubali kubeba kitu kile mpaka Kiyeyi, kwa kuwa kiungo cha mtu huzikwa kwao, na wawili walikuwa wameshakataa.

"Ndugu wa Ofumbi hayuko?" mhudumu akarudia. "Hatuwezi kukaa nayo, inatakiwa ikazikwe."

"Niko," akasema Alungat.

Akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, mguu wa mtu aliyebeba mahindi ya watu maisha yake yote. Akaketi nalo mapajani. Akakaa hivyo muda, watu wakipita, halafu akafungua plastiki upande mmoja tu, palipokuwa na wayo, akaivuta soksi taratibu mpaka ikatoka.

Hakuna mila iliyomzuia sasa. Kilichokuwa mapajani pake hakikuwa mkwe. Akafumba macho, akaweka mkono wake juu ya wayo, kidole gumba kikaenda chenyewe mahali pake, na papo hapo mkono ukajua. Ulijua kwa mguso mmoja, upesi kuliko alivyowahi kujua jambo lolote la kazi yake. Akaubonyeza wayo kwa nguvu, akaukanda kuanzia kifundoni kushuka vidoleni, akarudia, akarudia. Mama aliyepiga magoti alikuwa bado yuko karibu, akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Dirisha la wodi lilikuwa juu ya kichwa chake. Ndani Ofumbi alikuwa anaamka. Alitoa mgumio mmoja mrefu, wa kwanza ambao Alungat aliwahi kuusikia kutoka kwake, na mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya wayo.

"Pole, baba Patience," sauti ya Babra ikasema. "Pole. Lia tu."

"Mama iko wapi?"

"Mama iko nje hapo, chini ya dirisha."

Alungat akainua uso, akasikiliza. Alisikia kitanda kikilia, akasikia shuka ikivutwa, kisha hakusikia kitu. Alijua sasa meno ya mkwewe yako wapi.

"Baba Patience," akaita, akitazama ardhi. "Unasikia uchungu?"

"Hapana, Mama," Ofumbi akajibu. "Kidogo tu."

Alungat akasema ni vizuri. Akaurudisha wayo ndani ya soksi, akafunga plastiki, na jua lilipomfikia alihamia kwenye kivuli, mguu ukiwa mapajani, akamngoja Paddy.